Kitambaa Kimoja, Ng'ombe Watano

Kitambaa kilikuwa cheupe zamani. Alfajiri moja, katika machinjio ya huku kwetu Rubavu ambayo sitayataja, nilimtazama kijana akikichovya kwenye ndoo, akifuta kinyesi kwenye paja la ng'ombe aliyekwisha kuchunwa, akikikamua ndani ya ndoo ileile, kisha akahamia kwa ng'ombe wa pili. Na wa tatu. Kufikia wa tano maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Paja liling'aa, muhuri ukagongwa, nyama ikapakiwa.

Kule si kusafisha. Ni kupaka! Ndani ya misuli ya ng'ombe mwenye afya hamna bakteria wa kutuumiza. Wanakaa kwenye ngozi, kwato na matumbo. Nyama inachafuka kwa kisu kilichopita juu ya manyoya kikazama moja kwa moja kwenye mnofu, kwa mkono ulioshika mkia ukashika fileti, kwa utumbo uliotobolewa kwa haraka. Halafu kitambaa kinachukua uchafu wa mmoja na kuwagawia wote.

Na tusijifiche nyuma ya muhuri. Mkaguzi anatafuta kifua kikuu, minyoo ya ini, tegu, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini bakteria aitwaye E. coli O157:H7 anaishi kwenye utumbo wa ng'ombe asiyeumwa hata kidogo. Jicho gani litamwona? Mwaka 1993 Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafa kutokana na hambaga ambazo nyama yake ilikuwa imepita ukaguzi. Mwaka 1996 serikali yao ikawalazimisha wenye machinjio kupima bakteria na kudhibiti kila hatua ya kazi.

Wenye bucha wananijibu: moto unaua kila kitu. Moto unaua pale unapofika. Mshikaki ulioungua nje ukabaki mwekundu katikati haujafikiwa, na nyama ya kusaga imechanganya nje na ndani. Tena kibao kilichokatiwa nyama ndicho hichohicho kinachokatiwa kitunguu cha kachumbari, na kachumbari haipiti motoni.

Wengine wanasema hatuna fedha za mitambo. Nani kaomba mitambo? Naomba kamba ya kufunga umio na puru kabla matumbo hayajatolewa. Naomba visu viwili kwa kila mchunaji, kimoja kikifanya kazi, kingine kikae kwenye maji ya nyuzi 82. Ngozi ipasuliwe kwa makali yanayotazama nje, na penye doa la kinyesi pakatwe patupwe, pasifutwe. Kisha nyama ipoe hadi nyuzi 7 kabla ya kupanda gari. Ulaya waliruhusu mwaka 2013 kunyunyizia nyama ya ng'ombe asidi ya laktiki, lakini hata wao hawakubali dawa hiyo ishike nafasi ya usafi. Mji huu unapika bia tangu miaka ya 1950. Hakuna atakayeniambia Gisenyi haijui kuchemsha maji.

Sisi hasa hatuna udhuru. Julai 1994, hatua chache kutoka hapa, Goma ilizika makumi ya maelfu ya watu kwa kipindupindu. Wazee wa mji huu wanajua kinyesi kikiingia kinywani mwa watu kinafanya nini.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini habadilishi maji. "Mzee, bomba liko kule nje," akasema, bila kuacha kukamua. "Nikienda, ng'ombe anayefuata anaangukia chini." Kulabu zilikuwa chache, kisu kilikuwa kimoja. Hasira yangu si kwake. Ni kwa wanaokusanya ushuru wa kila kichwa cha ng'ombe kila alfajiri, na hadi leo hawajamvutia bomba mpaka pale anaposimama.