Usimfiche mtoto kwa mdodosaji

Ukisikia watafiti wanachunguza ubongo, huenda unawaza mashine kubwa za Dar es Salaam. Kwa kifafa, uchunguzi huanzia barazani kwako, na kifaa cha kwanza ni swali: je, katika kaya hii kuna mtu anayeanguka na kupoteza fahamu?

Kwetu Rufiji dodoso si jambo geni. Tangu 1998 wadodosaji wamepita vijijini nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Ifakara nako kuna utaratibu kama huo, na ulitumika kuchunguza kifafa sambamba na Kilifi nchini Kenya, Iganga nchini Uganda, Ghana na Afrika Kusini. Watu zaidi ya laki tano walihusika. Kwanza kaya iliulizwa, kisha waliotajwa wakahojiwa zaidi, na waliobaki wakaonwa na daktari.

Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa, kwa watoto, kifafa kiliambatana zaidi na shida ya kulia, kupumua au kunyonya baada tu ya kuzaliwa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kila chanzo, lakini unatuelekeza pa kuanzia: chumba cha kujifungulia, si kwa shetani wala laana ya ukoo.

Sasa tazama udhaifu wake. Ukijibu "hapana" huku mtoto yuko chumba cha uani, daktari wa hatua ya tatu hatamfikia. Asiyehesabiwa haagiziwi dawa, na siku moja ataangukia motoni au mtoni.

Mashine haizibi pengo hilo. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi hata kwa mwenye kifafa. Bado tunategemea macho yako: mtetemeko ulianza upande upi? Ulidumu dakika ngapi? Ukiweza, mrekodi kwa simu. Ukipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Silaumu wazazi peke yao. Mnaficha kwa sababu mtoto atachekwa shuleni na binti atakosa mchumba. Kwa hiyo mtafiti anayepewa siri hiyo ailinde, na mtoto anayegundulika apelekwe kwenye matibabu, asiachwe na namba ya dodoso tu. Muulize: kibali cha NIMR kiko wapi? Nani ataona majina yetu? Matokeo mtatuletea lini? Una haki ya kukataa, na kukataa hakukunyimi matibabu.

Ila ukikubali kujibu, mtaje mtoto wako. Wala usingoje mtafiti abishe hodi, mlete kliniki. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia ipasavyo. Mwanao anaweza kuwa mmoja wao.