Kimaori na Kiwelisi: sheria iko, shule iko, lakini nani anasema na mtoto nyumbani?

Watu wakiongea juu ya lugha zilizokaribia kufa kisha zikaamka, mbili zinatajwa kila mara: Kimaori cha Nyuzilandi, inchi ya mbali kwenye bahari ya Pasifiki, na Kiwelisi cha Wales, jimbo la magharibi katika ufalme wa Uingereza. Zote mbili zilibanwa na Kiingereza. Zote mbili leo ziko na sheria, shule, redio na televisheni. Lakini hazikupita njia moja, na hapo njo kuna kitu cha kujifunza.

Fimbo ya shuleni

Huko Wales, sheria ya mwaka 1536 iliondoa Kiwelisi katika mahakama. Katika karne ya 19, katika shule nyingi, mtoto aliyekamatwa akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha mbao shingoni. Alikipitisha kwa mwenzake aliyefanya "kosa" lilelile, na yule aliyebaki nacho mwisho wa siku alipigwa. Nyuzilandi nayo, kufatana na sheria ya mwaka 1867, watoto wa Kimaori walifundishwa kwa Kiingereza, na wazee wengi walisimulia namna walichapwa juu ya kusema lugha yao.

Wasomaji wetu watatambua jambo hilo. Katika shule nyingi za Afrika zilizofundisha kwa Kifaransa, kitu cha namna hiyo kiliitwa "simbole".

Fimbo peke yake haikumaliza lugha. Waliochapwa walikuwa wazazi, wakajiambia: mtoto wangu asiteseke sawa vile mimi. Wakaanza kusema naye Kiingereza nyumbani, na kamba ikakatika hapo.

Mahali zinatengana

Kiwelisi kilikuwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni maandishi: Biblia nzima ilitoka kwa Kiwelisi mwaka 1588, kazi ya William Morgan, na watu walijifunza kusoma lugha yao kanisani hata wakati shule iliikataa. Ya pili ni udongo: kuna maeneo, zaidi kaskazini-magharibi, ambako lugha haikuacha kusemwa sokoni na shambani. Pamoja na hayo, ilishuka. Mwaka 1911 karibu watu milioni moja walikisema, ni kusema 43 kwa mia ya wakaaji. Mwaka 1991 walibaki chini ya 19 kwa mia.

Wamaori wao walikuwa wachache katika inchi yao wenyewe. Mbele ya Vita Kuu ya Pili wengi waliishi vijijini, na lugha ilikuwa salama huko. Kisha vita wakahamia mijini kutafuta kazi, wakatawanyika katikati ya majirani wa Kiingereza. Utafiti wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba wenye kuisema vizuri walikuwa zaidi wazee.

Namna ziliamka

Wales iliamshwa na redio. Mwaka 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa hotuba kwenye BBC, akionya kwamba Kiwelisi kitakufa kama watu hawatasimama. Mwaka ule ule vijana waliunda chama cha kutetea lugha. Mwaka 1980, mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza atafunga kula mpaka kufa kama serikali haitimize ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikakubali, na S4C ikaanza mwaka 1982. Leo Kiwelisi ni somo la lazima katika shule za serikali mpaka umri wa miaka 16.

Wamaori walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 mwaka 1972. Kisha, mwaka 1982, wakafungua shule za watoto wadogo, zile kwetu tunaita materneli. Waliziita kohanga reo, maana yake kiota cha lugha. Ndani, makoko wanaojua lugha wanakaa na watoto, wanacheza nao, wanawalisha, yote kwa Kimaori. Kizazi cha wazazi kilikuwa kimepoteza lugha, basi makoko wakaruka juu yake na kuwapa wajukuu. Sheria ya kufanya Kimaori lugha rasmi ilikuja baadaye, mwaka 1987.

Hesabu za leo

Wales iko na watu 538,000 wanaosema lugha yao, kufatana na hesabu ya mwaka 2021. Hiyo ni 17.8 kwa mia, wakati mwaka 2011 ilikuwa 19. Kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15, ilishuka kutoka 40 mpaka 34 kwa mia. Serikali yao inataka kufikia milioni moja mwaka 2050, lakini kwa sasa hesabu inarudi nyuma.

Nyuzilandi, hesabu ya mwaka 2023 ilipata zaidi ya watu 200,000 wanaosema Kimaori. Ni wengi kuliko mbele, lakini kati ya Wamaori wenyewe ni kama mmoja kwa watano. Na siasa inaweza kugeuka: serikali iliyoingia mwaka 2023 iliamua majina ya Kiingereza ya ofisi za serikali yatangulie yale ya Kimaori.

Basi Wales, yenye somo la lazima na televisheni yake, nayo inapoteza watu. Mtoto anaweza kusoma lugha miaka kumi darasani na asiitumie akitoka nje. Katika eneo la Gwynedd, ambako 64 kwa mia wanasema Kiwelisi, mtoto anaisikia dukani na uwanjani. Wamaori hawana Gwynedd yao, njo maana walijenga kiota.

Na kwetu?

Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa moja yao, na inaomba serikali ilinde zingine kama urithi. Kinande, Mashi, Kilega, Kihunde na Kibembe ziko katika hizo zingine. Mijini kwetu, kinachozisukuma pembeni mara nyingi si Kifaransa. Ni hiki Kiswahili tunachoandika hapa, na hakuna anayemchapa mtoto. Wamaori walianza wakati makoko wao wenye kujua lugha walikuwa wangali hai. Wetu nao wangali hapa, wanaishi na wajukuu Goma, Bukavu, Butembo na Uvira. Wanasema nao lugha gani jioni?