Rivolva Nyepesi Si Silaha ya Mwanafunzi

Katika maduka ya silaha ya Marekani imeota mizizi itikadi moja ambayo muuzaji huitamka kabla hata ya kumwuliza mteja haja yake: ya kwamba mtu asiye na mazoea ya silaha, hasa mwanamke au mzee, tena mwenye mfuko mwembamba, bora kwake ni rivolva ndogo na nyepesi, yenye kasiba ya inchi 2 na matundu 5 ya risasi, kwa kuwa ni rahisi kwa bei, rahisi kuchukuliwa, na haikwami abadan. Naikanusha itikadi hiyo, na naikanusha kwa uchungu, maana anayedhurika kwayo ni yule yule aliyekuja dukani kutaka msaada.

Smith & Wesson walipoitoa rivolva ndogo ya namna hiyo, Chiefs Special, mwaka 1950, ilikuwa ya chuma; baadaye zikaja za alumini, hata leo Model 642 haifiki gramu 450. Hapo ndipo penye taabu. Risasi ya .38 Special huwa na baruti ile ile, ikitiwa katika bastola ya nusu kilo au ya kilo nzima, na silaha ikipungua uzito kwa nusu, kikumbo chake mkononi huzidi maradufu. Fauka ya hayo, kifyatulio hutaka kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 na zaidi, nguvu inayoupita uzito wa bastola yenyewe mara 10, ilhali alama zake za kulengea zimekaribiana mno, hata kosa dogo la kidole huwa kubwa likifika kwenye shabaha.

Shemeji yangu, anayeishi Columbus katika jimbo la Ohio, aliuziwa mojawapo. Akapiga risasi 10, kiganja kikamwuma, akaifungia sandukuni mwaka mzima. Je, ni rahisi silaha ambayo mwenyewe hathubutu kuipiga? Gharama ya bastola haiishi siku ya kuinunua, bali iko katika visanduku vya risasi na saa za mazoezi, na asiyefanya mazoezi amezitupa fedha zake, ziwe chache au nyingi.

Na hiyo kauli ya kuwa haikwami? Katika rivolva nyepesi, kila mpigo huishtua bastola nyuma kwa ghafula, na risasi zilizosalia, ikiwa hazikubanwa barabara katika maganda yake, huchomoza mbele kidogo kidogo mpaka zikaizuia silinda isizunguke. Hapo hapana dawa ya upesi.

Nakiri kwamba ndogo hufichika vema, na kwamba kilo nzima kiunoni kutwa ni mzigo. Aliyelazimika kuificha na achukue ndogo ya chuma tupu. Taurus ya Brazili hutengeneza 856 ya bei nafuu, yenye matundu 6 na uzito wa gramu 630 hivi. Lakini kwa nyumbani na kwa uwanja wa shabaha sioni mfano wa Model 10 ya Smith & Wesson, ambayo asili yake ni ya 1899, yenye kasiba ya inchi 4, silaha iliyochukuliwa na askari polisi wa Marekani kwa miongo mingi kabla ya kuhamia bastola za magazini, ndiyo maana kuukuu zake hazijaadimika, na bei yake aghalabu hukaribiana na ile ya ndogo mpya.

Kuukuu hukaguliwa. Fungua silinda, uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba haina kitu. Ifunge, kisha, kwa idhini ya muuzaji, elekeza kasiba pasipo na mtu, uvute kifyatulio polepole, na kikiwa kingali kimevutwa jaribu kuitikisa silinda: ikicheza sana, irudishe. Fanya hivyo kwa kila tundu, kwani tundu moja kati ya sita likikosa kuelekeana na kasiba, risasi itachubuka na kutapika vipande vya madini pembeni. Rangi iliyochujuka kwa kusuguana na ala isikutishe.

Mwezi uliopita shemeji aliibadilisha ile ndogo kwa kuukuu ya namna hiyo. Alimaliza kisanduku cha risasi 50 kwa asubuhi moja, akaenda kununua cha pili.