Mkulima, Mnunuzi na Aliye Kati Yao



Kila alfajiri gari za shamba huteremka Mwanakwerekwe na Jumbi zimepakia mchicha, tungule, mabilingani na ndizi. Baadhi ya mali hiyo imelimwa kwa samadi na majani yaliyooza, bila ya mbolea ya viwandani wala dawa ya kuulia wadudu. Kilimo hicho kina taabu zaidi, kwani magugu hung'olewa kwa mkono. Lakini mali ikishamwagwa chini pamoja na nyengine, nani atakayeitambua? Na mara nyingi mkulima mwenyewe hafiki sokoni: hukutwa njiani na mchuuzi, akaambiwa kuwa leo mali imejaa tele, naye kwa kuchelea isimwozee akaitoa kwa bei aliyotajiwa.

Jambo hili dini yetu imelisema zamani. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwapokea wauzaji njiani kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji aliyekutwa hivyo khiyari ya kuivunja biashara atakapofika na kuijua bei. Sababu yake ni wazi: kuijua bei ni haki ya mwenye mali, na anayemficha amemdhulumu. Wala biashara ya kati si haramu yenyewe. Mwenye kuchukua mzigo na kupata faida kwa uwazi amefanya kazi halali.

Basi tufanye nini? Siku hizi simu zimeenea mjini na shamba. Nyumba kumi za Malindi au Mkunazini zikipatana na mkulima mmoja wa Kizimbani au Bumbwini, zikamjuulisha tangu Jumatano zahitaji mafungu mangapi siku ya Ijumaa, naye atavuna kwa kipimo, wala hakitaoza kitu. Bei ipatanwe mapema na ilipwe papo hapo. Mkulima asirejeshwe kwake na ahadi.

Naye mkulima ana amana yake. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka akakuta majimaji chini yake, akamkanya mwenyewe kwa kuyaficha, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Anayesema hakutia dawa, na hali ametia, amefanya yale yale. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kanuni moja ya kilimo hai na alama yake, Kilimohai; na vikundi vya wakulima wadogo huweza kuipata kwa kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Alama ni jambo jema, lakini haitoshi pasipo khofu ya Mungu. Nawe mnunuzi, nenda ukalione shamba, na umchukue mwanao.

Enyi vijana, mnaojua simu na hesabu, kazi ya kuwakutanisha watu hawa ni yenu. Ujira wenu utajeni mbele ya pande zote mbili, ndipo utakapokuwa na baraka.

Wallahu aalam.