Binti Mfamasia Ataka Kurudi Shuleni



Jumapili moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia alitungoja mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi. Binti yake wa pili amemaliza masomo ya ufamasia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Diploma ameipata, picha yake imetundikwa ukutani, na kijana mwenye tabia njema amekwisha kubisha hodi kwa mambo ya uchumba. Sasa binti asema ataka kuendelea na masta, kisha, Mungu akipenda, udaktari. Si ule wa kutibu wagonjwa, bali ule wa chuo. Mzee alituuliza: "Ndugu zangu, mfamasia ni mfamasia. Afungue duka la dawa, anisaidie kusomesha wadogo zake. Atasoma mpaka lini?"

Hatukumcheka. Mtu aliyeuza mihogo na makaa miaka mingi ili kulipa karo ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini tulimsimulia habari ya Ituri, nasi twaisimulia tena hapa, kwani wengi hawakuisikia.

Mwishoni mwa mwaka 2014, katika vituo vya afya vya Ituri, walianza kuletwa wagonjwa wenye taabu ya kutisha: shingo imepinda, macho yameelekea juu, ulimi umetoka nje, mikono imekakamaa. Wengi wao walikuwa watoto. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Miezi ikapita, wagonjwa wakazidi, wakawa mamia, na wengine wakafa. Mwaka 2015 ndipo vipimo vya maabara za Ulaya vilipofunua chanzo. Watu hao walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza. Kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili, miligramu 10 mpaka 20 katika kila kidonge. Kwa mtoto mdogo hiyo ni sumu.

Je, nani kijijini angeweza kuvumbua jambo hilo? Muuguzi alisoma jina juu ya chombo, akaliamini. Mwuzaji naye alinunua kadiri alivyoandikiwa. Hata mfamasia mwema mwenye diploma yake ya kwanza, akiwa dukani bila vyombo vya kupimia, aona kidonge kama vingine. Tena mkojo na vidonge vilipaswa kusafiri mpaka ng'ambo, na wakati huo wote watoto waliendelea kuvimeza.

Hapo ndipo masomo ya juu yanapoingia. Diploma ya kwanza humfundisha mtu kuzijua dawa, vipimo vyake, na namna ya kuzitoa kwa wagonjwa. Anayechagua masta ya uchambuzi wa dawa hujifunza kukisaga kidonge, kukiyeyusha, na kuyapitisha maji yake kwa nguvu katika mrija mwembamba wa mashine inayotenganisha vitu vilivyomo kimoja kimoja. Kisha hulinganisha na dawa ya kweli, akaandika hesabu na kutia sahihi yake. Sahihi hiyo yaweza kusimamisha shehena nzima forodhani. Wengine huchagua elimu ya sumu, au dawa za mimea, au ufamasia wa hospitali. Kwa kawaida masta huchukua miaka 2. Udaktari hauwi chini ya miaka 3, tena wengi hupita hapo, kwa kuwa mwanafunzi hapaswi kurudia yaliyokwisha julikana. Sharti alete jambo jipya na kulitetea mbele ya maprofesa.

Katika nyakati za babu zetu, mlango huo haukuwako kwetu. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, karibu na Kimwenza. Leo kazi hiyo yafanyika Kinshasa na Lubumbashi, na wengine hupelekwa miezi kadhaa katika maabara za Ubelgiji kwa makubaliano baina ya vyuo.

Taabu zake hatuzifichi. Umeme hukatika katikati ya kipimo. Dawa za maabara hutoka mbali, na bei yake hutisha. Twamjua mwanafunzi aliyengoja mwaka mzima mashine itengenezwe, karo ikiendelea kudaiwa. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, binti aulize bila haya: profesa atakayemwongoza ni nani, na amekwisha fikisha wanafunzi wangapi mwisho? Mashine iko, nayo yafanya kazi? Ufadhili wa masomo, kama upo, ni wa mpaka lini?

Wala si lazima kila mfamasia aende huko. Bibi Tu Youyou wa China, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuvumbua artemisinini, dawa ya malaria, alimaliza ufamasia mwaka 1955 na hakupata udaktari wowote. Basi mwenye kutamani cheo tu mbele ya jina lake afadhali afungue duka, auze dawa safi kwa uaminifu. Kijiji kitamshukuru.

Ninyi mlio katika sekondari, msingoje chuo kikuu. Kemia na hesabu zenu za leo ndizo zitakazowabeba au kuwaangusha. Na Kiingereza msikidharau, maana majarida mengi ya elimu hiyo huandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa habari ya uchumba, tulimshauri mzee kwamba kijana aitwe, aelezwe yote waziwazi mbele ya wazazi wa pande mbili kabla ya neno la mahari. Akikubali, wafunge ndoa yao kanisani, naye asome akiwa mke. Asipokubali, ni heri ijulikane sasa kuliko baada ya mtoto wa kwanza.

Mzee alinyamaza kidogo. Akauliza kama binti akiivunja mashine ile, baba yake atalipishwa. Tukamwambia sivyo. "Basi nitasema na mama yake," akajibu, akavaa kofia yake, akashika njia.