Chai, Kitanzi na Ushuru
Anayedhani adhabu kali peke yake itamlinda ofisa wa forodha na asome habari za Uingereza ya karne ya 18. Oktoba 1747 genge la wafanyamagendo la Hawkhurst lilivunja jengo la forodha mjini Poole, likajichukulia chai yake ya magendo iliyokuwa imekamatwa. Februari 1748 ofisa William Galley, akimsindikiza shahidi wa uvamizi huo, fundi viatu Daniel Chater, alitekwa pamoja naye. Walichapwa mijeledi wakiwa juu ya farasi, kisha wakauawa. Januari 1749 watu saba walihukumiwa kifo mjini Chichester, na walistahili. Lakini sheria ya 1736 ilikuwa imeshaahidi kitanzi kwa anayemjeruhi ofisa, wala haikuwatisha, maana chai ilitozwa ushuru wa kutisha zaidi na wanunuzi walikuwa tele, waungwana wakiwemo. Kilichovunja biashara ile ni Waziri Mkuu William Pitt kushusha ushuru wa chai mwaka 1784, kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Sheria yetu ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inamwadhibu vikali anayemshambulia ofisa, sawa kabisa. Ila mawaziri wanapokaa kupanga ushuru wa sukari na mchele, sijasikia hata mmoja akimtaja kijana wa zamu ya usiku mpakani.