Nia Peke Yake Haitibu Arosto

"Kuacha sigara ni nia tu." Kauli hii utaisikia vijiweni, kwenye mahubiri, hata hospitalini. Ni ya uongo tena ya kikatili, na imewarudisha wengi kwenye pakiti wakijiona si watu.

Mtazame anayejaribu kuacha akifika siku ya pili. Mikono haitulii, usingizi umepaa, kichwa kinamgonga, anawafokea watoto kwa sababu mchuzi umezidi chumvi. Hiyo ni arosto. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya pafu la kwanza. Saa mbili hivi baadaye nusu yake imeshaondoka kwenye damu, na ubongo uliozoea unaanza kudai. Ndiyo maana mvutaji huamka akitafuta kiberiti kabla ya chai. Siku tatu za kwanza ndizo kali zaidi, kisha makali hupungua kwa wiki kadhaa. Na akitoka nje apunge upepo, anakuta kibanda kinauza sigara moja moja, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba dirishani. Huyo ndiye tunayemwambia ajikaze!

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika majaribio 100 ya kuacha bila msaada, yanayofanikiwa ni 4 tu. Shirika hilo liliingiza chingamu na bandiko la nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vidonge vya bupropion na varenicline mwaka 2021. Nia inahitajika, sikatai; asiyetaka kuacha hakuna dawa itakayomwachisha. Lakini anayetaka, dawa na ushauri humpunguzia mateso hadi mwili uzoee.

Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni. Tulikubali kwamba wale ni wagonjwa na wanahitaji tiba. Mvutaji wa sigara yeye kakosa nini, hadi astahili mahubiri peke yake?

Daktari, muulize kila mgonjwa kama anavuta, na akikiri usiishie kumgombeza. Wizara zetu za afya zifikishe tiba hii hadi zahanati za vijijini. Nawe mwenye ndugu aliyeacha akarudia, usimcheke. Msindikize kwa daktari aanze upya.